Tamasha, Meza, Mlo au Masimulizi: Namna Nne za Kuadhimisha Tamaduni za Familia Shuleni

Kamati ya shule inapoketi kupanga siku ya kuadhimisha tamaduni za familia, mazungumzo huanzia kwenye tarehe, yakahamia kwenye ukumbi, na kuishia kwa mgeni rasmi. Muundo wa shughuli yenyewe hupita bila kujadiliwa, kwa kuwa kila mjumbe ana picha yake ya siku hiyo na hudhani wenzake wanaiona picha ile ile. Mmoja anaona jukwaa na vipaza sauti, mwingine anaona meza zilizopangwa ukumbini, wa tatu anafikiria chakula, na mwalimu wa darasa anafikiria wazazi wachache wakiketi na wanafunzi wake kwa kipindi kimoja. Tofauti hizo hugunduliwa wiki ya mwisho, barua zikiwa zimekwisha kutumwa na ahadi zimekwisha kutolewa.

Makala haya yanaiweka miundo hiyo minne upande kwa upande. Nimeshiriki katika yote nikiwa mwalimu, na kila mmoja nimeuona ukifana mahali na kumuumiza mtu mahali pengine. Kwa hiyo sitautaja mmoja kuwa bora kuliko mingine kwa shule zote. Nitaeleza kila mmoja unadai nini, unatoa nini, na unamfaa nani.

Vigezo vya kupimia

Tamko la UNESCO kuhusu uanuwai wa utamaduni, lililopitishwa mwaka 2001, linasema kwamba utamaduni, mbali na sanaa na fasihi, unajumuisha mitindo ya maisha, namna za kuishi pamoja, maadili, mapokeo na imani. Maana hiyo ni pana kuliko mavazi na bendera, na shule ikiipokea inajiondolea tatizo kubwa mapema. Familia iliyoishi mtaa mmoja kwa vizazi vitano ina utamaduni. Mama anayefanya kazi za usiku na kuwaamsha wanawe kwa simu ana namna yake ya kuishi na watoto wake. Mtoto anayelelewa na bibi yake, au mwenye wazazi waliotoka pande mbili tofauti, hahitaji kuchagua upande ndipo ahesabiwe kuwa na la kusema.

Kutokana na maana hiyo napendekeza vigezo vitano. Cha kwanza ni nani atakayeachwa nje, na hiki nakipa uzito kuliko vyote. Cha pili ni nani anayeamua jinsi familia itakavyoonyeshwa, familia yenyewe au mratibu wa shughuli. Cha tatu ni kama watu watakutana kweli au watatazamana tu. Cha nne ni kazi ya maandalizi, na cha tano ni usalama, pamoja na faragha ya watoto.

Miundo yenyewe kwa ufupi

Tamasha la jukwaani ni shughuli ya saa kadhaa ambapo vikundi vya wanafunzi, na wakati mwingine wazazi, hutumbuiza mbele ya hadhira. Maonyesho ya meza huipa kila familia meza au sehemu ya meza kuweka vitu vyake, na wageni huzunguka. Mlo wa pamoja ni ule ambao familia hupika nyumbani na kuleta, kisha watu wote hula pamoja. Masimulizi ya darasani huwaleta wazazi, walezi, babu na bibi darasani kuzungumza na vikundi vidogo vya wanafunzi, kwa siku moja au kwa wiki nzima. Muundo huu wa mwisho unafanana na maktaba ya watu iliyoanzia Copenhagen, Denmark, mwaka 2000, ambamo msomaji haazimi kitabu bali anaketi na mtu na kumuuliza maswali.

Nani anaachwa nje

Tamasha huwabeba wenye kitu kinachoonekana kwa mbali na kusikika kwa sauti kubwa. Familia yenye kikundi kinachocheza au kuimba ina nafasi tayari, lakini familia ambayo urithi wake ni ufundi wa mikono, lugha, au utaratibu wa kimya wa nyumbani haina la kupeleka jukwaani. Muda nao unabana. Vikundi 20, kila kimoja kikipewa dakika 5 na dakika 2 za kubadilishana jukwaa, vinatumia saa 2 na dakika 20 kabla risala yoyote haijasomwa, na watoto wa madarasa ya chini hawawezi kukaa muda huo wote. Kamati ikipunguza vikundi hadi 10 ili ratiba ipumue, tayari imeanza kuchagua nani abaki nyumbani. Kwa upande mwingine, tamasha linamwinua mtoto ambaye darasani hasikiki. Nimewaona wanafunzi wasiomudu lugha ya kufundishia wakisimama jukwaani kwa kujiamini ambako walimu wao hawakuwahi kukuona.

Meza zina nafasi pana zaidi, kwa kuwa kitu kimoja kidogo kinatosha. Mzazi asiyepata ruhusa kazini anaweza kumpa mwanawe kitu hicho pamoja na maelezo mafupi, na familia ikawa imeshiriki bila kuwepo. Wanaokosekana hapa ni wale wasio na vitu: waliohama kwa haraka, waliopoteza nyumba, na watoto wanaoishi katika makao ya kulelea watoto. Kamati inapopanga meza kwa majina ya nchi, orodha ya wanaokosekana huongezeka. Mwaka mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, nilimkuta mwanafunzi wa darasa la nne amesimama katikati ya meza mbili, ameshika kadi ambayo hakujua aiweke wapi, kwa sababu baba yake alikuwa wa meza moja na mama wa meza nyingine. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Mpangilio wenyewe ndio uliomnyima pa kusimama, na tangu siku hiyo sikubali meza zipangwe kwa nchi.

Mlo wa pamoja humwalika kila anayekula, kwa hiyo unaonekana kuwa wazi kuliko yote. Hata hivyo, kupika kwa ajili ya watu wengi kunahitaji fedha, jiko na muda, na mzazi mwenye aibu ya kuleta sahani ndogo atasema kwamba ana safari. Familia zinazofunga, au zenye masharti ya chakula, hukaa pembeni zikitazama wenzao wakila. Dawa ni kuifanya sahani kuwa ya hiari kabisa, na kueleza katika barua kwamba anayekuja mikono mitupu anakaribishwa sawa na aliyekuja na sufuria. Barua isiyosema hivyo waziwazi itasomwa kinyume chake.

Masimulizi hayahitaji mavazi, vitu wala chakula, lakini yanahitaji kinywa na lugha. Mzazi asiyejiamini katika lugha ya shule atakataa mwaliko, na kukataa huko mara nyingi hutafsiriwa vibaya kuwa ni kutojali. Mkalimani, au mzazi mwingine anayezungumza lugha hiyo, hubadili jibu lake. Muda wa mchana wa masomo nao huwafungia nje wenye ajira zisizo na ruhusa.

Nani anaamua

Kigezo hiki huonekana vizuri zaidi katika barua ya mwaliko kuliko siku ya tukio. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Tafadhali leta kitu kinachowakilisha nchi yako." Ya pili: "Tafadhali leta, au tueleze, kitu kimoja ambacho nyumbani kwenu hakikosekani." Ya kwanza inamgeuza mzazi kuwa balozi wa mamilioni ya watu asiowafahamu, na inamfanya mwenyeji wa siku zote ajione hana la kuleta. Ya pili inamwachia aseme habari za nyumba yake, ambazo anazijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Tofauti hiyo niliishuhudia darasani. Mzazi mmoja aliyepokea barua ya namna ya pili alikuja na daftari la mama yake, aliyekuwa fundi cherehani. Ndani kulikuwa na majina na vipimo vya wateja kwa penseli, mabega, kiuno, urefu wa mkono, na mengine yamekatwa na kuandikwa upya pembeni. Wanafunzi walimuuliza kwa nini jina moja lilikuwa na vipimo vinne. Aliwaambia kwamba huyo alikuwa yeye mwenyewe, akipimwa nguo ya shule mwaka hadi mwaka. Kipindi kizima kiliishia kwenye ukurasa huo, na wanafunzi waliondoka wakiulizana nani anawapima wao na vipimo vyao vinaandikwa wapi. Barua ya namna ya kwanza isingelileta daftari lile.

Kwa kigezo hiki, masimulizi na meza ndiyo huipa familia uhuru zaidi. Mlo hutoa uhuru wa kutosha, ingawa mpishi hulazimika kufikiria kile ambacho wageni watakubali kuonja. Tamasha ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mshereheshaji humtambulisha kila mtu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo mara nyingi huandikwa na mwalimu. Linaweza kurekebishwa kwa kila kikundi kuandika utambulisho wake na mshereheshaji kuusoma kama ulivyo. Mtoto naye aulizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kuvalishwa nguo fulani kisha kusimamishwa mbele ya shule nzima ni jambo linalomhusu.

Kukutana au kutazamana

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 masharti manne yanayowezesha makundi tofauti kupunguza chuki yanapokutana: hadhi sawa wakati wa kukutana, lengo la pamoja, kushirikiana katika kulifikia, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Hakusema kwamba kuonana peke yake kunatosha. Ukiipima miundo minne kwa masharti hayo, picha inabadilika.

Tamasha linawagawa watu kuwa watumbuizaji na watazamaji. Makofi ni heshima, lakini anayepiga makofi harudi nyumbani akijua jina la aliyemshangilia. Ushirikiano wa kweli upo nyuma ya pazia, katika wiki za mazoezi, iwapo vikundi vimechanganywa. Meza huleta mazungumzo mafupi mengi, mazuri lakini ya kupita, na mwenye meza hukwama pake bila kuona za wenzake isipokuwa zamu zimepangwa: nusu ya familia ikae mezani kwa dakika 40, kisha ibadilishane na nusu nyingine. Zamu hizo ni jambo dogo ambalo kamati nyingi husahau.

Mlo una nguvu hapa kwa sababu watu hukaa. Lakini watu wazima wakiachiwa wachague viti watakaa na wale wanaowafahamu, na wageni watakula kimya kwenye meza ya mwisho. Pangeni watu kwa madarasa ya watoto wao, kwa kuwa wazazi wa darasa moja wana jambo la kuzungumza bila kulitafuta. Masimulizi humleta mtu mzima karibu na watoto watano kwa dakika kumi na kitu, naye anajibu maswali yao. Kwa wanafunzi huo ndio mkutano wa ndani kuliko yote. Udhaifu wake ni kwamba wazazi hawaonani wenyewe kwa wenyewe.

Kazi ya maandalizi

Tamasha ndilo zito: mazoezi ya wiki sita hivi, vyombo vya sauti, ukumbi, ratiba, na mtu wa kuisimamia ratiba hiyo bila huruma. Meza zinahitaji nafasi, lebo na wapangaji wachache, pamoja na njia yenye upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Mlo huhamishia kazi kubwa nyumbani, mara nyingi kwa akina mama, na kamati isiyoliona hilo itawachosha watu wale wale kila mwaka. Masimulizi ni mepesi kwa vifaa lakini mazito kwa mawasiliano. Darasa la wanafunzi 30 lililogawanywa katika vikundi 6 vya watoto 5 linahitaji wageni 6, na kwa zamu tatu za dakika 12 kila mtoto husikiliza watatu kati yao. Shule ya madarasa 12 inahitaji basi wageni 72, idadi isiyopatikana kwa siku moja, ndiyo maana ni busara kuyasambaza masimulizi katika muhula mzima.

Usalama na faragha

Mlo ndio unaohitaji tahadhari zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa chakula unataka chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Chakula kilichopikwa asubuhi, kikasafirishwa, kikasubiri risala tatu, kimekwisha kupita kikomo hicho. Mzio ni hatari ya pili. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataja aina 14 za vyakula vinavyosababisha mzio ambavyo mlaji lazima ajulishwe, na za Marekani zinataja 9, ufuta ukiwa umeongezwa rasmi Januari 2023. Hata shule isiyofungwa na sheria hizo inaweza kuomba kila sahani iambatane na kadi ya viambato iliyoandikwa na mpishi mwenyewe, kijiko kimoja kwa sahani moja, na mtu mzima anayejua ni watoto gani wana mzio na dawa zao ziko wapi. Shule isiyoweza kuyatimiza hayo ichague muundo mwingine.

Katika tamasha, hatari ni picha. Simu zinapoinuliwa zote kwa pamoja, mtoto ambaye familia yake inajificha kwa sababu nzito anaweza kusambazwa kabla ya jioni. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinalinda faragha ya mtoto, kwa hiyo tangazo la kutopiga picha, huku mpigapicha mmoja wa shule akiwa na orodha ya walioridhia, linafaa kutolewa mapema na kurudiwa. Katika meza, vitu vyenye thamani visiletwe, na kitu kisichotakiwa kuguswa kiandikwe hivyo. Katika masimulizi, mgeni aonane na mwalimu kabla ya siku hiyo wakubaliane maswali gani hayataulizwa, hasa kuhusu safari za kukimbia, ndugu waliopotea na karatasi za ukaazi. Mgeni asiachwe peke yake na wanafunzi.

Neno kuhusu tarehe

Shule nyingi huegemea siku za kimataifa: 21 Februari, Siku ya Lugha Mama, 15 Mei, Siku ya Familia, au 21 Mei, siku ya Umoja wa Mataifa ya uanuwai wa utamaduni. Zinasaidia kupata kibali na hotuba, lakini zichunguzwe kila mwaka. Kalenda zinazofuata mwandamo wa mwezi pekee husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyokuwa salama miaka mitatu iliyopita inaweza kuangukia siku za mfungo. Waulizeni wazazi wa dini zote kabla ya kuchapa barua.

Kulingana na hali ya shule

Kwa shule yenye ukumbi, muda wa mazoezi na wanafunzi wanaopenda kutumbuiza, tamasha linafaa, likiwa fupi ya dakika 75 na vikundi vikiwa vya hiari na vya mchanganyiko. Litafaa pia pale ambapo jamii inayoizunguka shule inahitaji kuona hadharani kwamba watoto wote ni wa shule hiyo, kwa kuwa miundo mingine mitatu haina sauti ya kufika nje ya geti.

Kwa shule ambamo familia nyingi ni mpya na wazazi hawafahamiani, mlo wa pamoja ndio utakaowakutanisha, mradi masharti ya joto na mzio yatimizwe. Yasipotimizika, chai na matunda yaliyonunuliwa na shule vinaweza kuwekwa kando ya meza za maonyesho, na watu bado watakaa.

Kwa shule ambayo wazazi wengi hawapati ruhusa kazini, meza ni chaguo la huruma zaidi: vitu hupelekwa na watoto, maelezo yaweza kurekodiwa kwa simu katika lugha ya nyumbani, na ukumbi ukawa wazi hadi jioni.

Kwa shule ambayo familia zinaonekana kuwa za asili moja, na kamati inasema kwamba haina tamaduni za kuonyesha, anzeni na masimulizi. Tofauti za kazi, za malezi, za namna ya kuomboleza na ya kusamehe zipo katika nyumba zinazopakana ukuta, na hazionekani jukwaani. Masimulizi pia ndiyo yanayofaa shule yenye chini ya wiki nne za kujiandaa, kwa sababu darasa moja linaweza kuanza na wageni sita bila kuisubiri shule nzima.

Kwa shule yenye familia zilizokimbia vita au mateso, chagueni kati ya meza zisizo na majina wala bendera na masimulizi ya hiari, na mwacheni mgeni aamue kama atazungumzia alikotoka au alipo sasa. Wengi niliowahi kuwaalika walitaka kuzungumzia kazi zao.

Na kwa shule iliyokwisha kufanya shughuli hii mara kadhaa na inajiuliza kama ibadili muundo, chukueni rejista ya mahudhurio ya mwaka jana kabla ya kuchagua chochote. Wekeni alama kwenye majina ya familia ambazo hazikuja, zipigieni simu familia tano au sita kati ya hizo, na waulizeni siku, saa na namna ambayo ingewawezesha kuja.